Je, ni maji yaliyomponya Annette Kellerman miguu? Jibu kwa mama wa Tanga

"Asalaam alaykum mtaalamu. Binti yangu ana miaka 7, ana matege toka alipoanza kutembea, tuliambiwa yataisha akikua lakini mi naona yanazidi na siku hizi jioni analalamika magoti. Mjomba wake aliyeko Muscat kanitumia video inasema kuna mwanamke wa Australia anaitwa Annette Kellerman, utotoni alifungwa vyuma miguuni, akafundishwa kuogelea akapona kabisa, akaja kuanzisha ule mchezo wa wasichana kucheza ndani ya maji kwa muziki, mpaka polisi wakamkamata kwa ajili ya nguo. Toka aione hiyo video binti yangu hasemi kingine. Sisi tupo Tanga, bahari hii hapa. Je, ni kweli? Niache kuhangaika na hospitali nimpeleke akaogelee? Baba yake hataki sababu ya mavazi. Na huo mchezo, mtoto mwenye miguu kama yake anauweza?"

Waalaykum salaam mama, na asante kwa kuandika kwa kirefu maana umenipa vitu vyote ninavyovihitaji. Nimesoma swali lako mara mbili. Naona umeuliza mambo manne lakini linalokunyima usingizi ni moja, kwamba umechoka kuambiwa subiri, na sasa umepata hadithi inayosema kuna njia nyingine nje ya hospitali. Nakujibu hilo kwanza kabla hatujamzungumza Annette. Usiache hospitali. Matege ya mtoto wa miaka 7 yanayozidi na yana maumivu sio ya kusubiri tena, huyo anatakiwa aonwe wiki hii. Na kuogelea pia aogelee, mi ni mtu wa fiziotherapia na kazi yangu kubwa kwa miaka mingi ni watoto ndani ya maji, siwezi kukuzuia. Ila hivyo viwili vinakwenda pamoja, kimoja hakichukui nafasi ya kingine, na hata maisha ya huyo mwanamke yakisomwa vizuri yanasema hivyo hivyo.

Sasa tuje kwake. Annette Kellerman alizaliwa Julai 1886, Marrickville, Sydney. Baba alikuwa mpiga fidla, mama alikuwa mpiga piano mwenye asili ya Kifaransa na alifundisha muziki, kwa hiyo ni nyumba ya muziki ile, shika hapo maana tutaurudia huo muziki. Ni kweli kabisa kwamba utotoni miguu yake ilikuwa dhaifu na alivalishwa vyuma. Na ni kweli alipofika miaka 6 hivi wazazi walimpeleka kujifunza kuogelea kwenye mabwawa ya akina Cavill pale Sydney, familia maarufu sana kwa kuogelea enzi hizo. Hakupenda. Aliogopa maji na aliona aibu kwa miguu yake, mwenyewe alikuja kusimulia hivyo. Kufika miaka 13 miguu ilikuwa karibu sawa na ya watoto wengine, kufika 15 alikuwa anaogelea mitindo yote, na mwaka 1902 akachukua ubingwa wa wanawake wa New South Wales, yadi 100 kwa dakika 1 na sekunde 22 na maili moja kwa dakika 33 na sekunde 49. Hebu hesabu mwenyewe mama, toka miaka 6 mpaka 13 ni miaka saba. Video ya dakika tatu inaipita hiyo miaka saba kwa sekunde moja, halafu wewe uliyeko Tanga unabaki unadhani ni habari ya kuingia majini na kutoka umenyooka.

Jambo la pili ambalo video hazisemi ni kwamba ugonjwa wenyewe haujulikani kwa uhakika. Wengine wanaandika rickets, yaani mifupa laini ya utotoni ambayo sisi huku tunaiita ugonjwa wa matege, wengine wanaandika polio. Hayo ni magonjwa mawili tofauti kabisa na maji yanafanya kazi tofauti kwa kila moja. Kama ilikuwa polio basi mishipa ya fahamu iliyokufa haikufufuliwa na maji, kilichotokea ni misuli iliyobaki kufanyishwa kazi mpaka ikabeba mzigo wa ile iliyolala. Kama ilikuwa mifupa laini, kumbuka ile ilikuwa miaka ya 1890, hakuna daktari popote duniani aliyekuwa anajua vitamini D, ilikuja kupewa jina mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kwa hiyo waliomfunga vyuma walikuwa wanashikilia mfupa uliopinda bila kujua kwa nini umepinda. Na mtoto anayeogelea kwenye mabwawa ya wazi Sydney miaka na miaka anapata nini kingine zaidi ya mazoezi? Anapata jua kwenye ngozi. Hili la jua ni hesabu yangu mimi, hakuna aliyempima damu, lakini kwa ninavyojua mifupa ya watoto sioni kwa nini lisiwe na mchango.

Nikueleze sasa maji yanafanya nini hasa kwenye mguu, maana ukilielewa hili utaweza kumsimamia mwanao mwenyewe. Tuseme binti yako ana kilo 20. Akisimama kwenye maji ya kiunoni, miguu inabeba kama nusu tu, kilo 10. Akisogea mpaka maji yafike kifuani inabeba kama theluthi, kilo 6 au 7. Yakifika shingoni inabaki kilo 2 hivi. Ndiyo maana mtoto ambaye nchi kavu anachechemea, ukimweka kifuani unamwona anatembea mguu mbele ya mguu kama hana tatizo. Hapo hapo maji yanamkatalia, akitaka kusukuma mguu haraka maji yanasukuma kurudi, na akiongeza kasi mara mbili ule ukinzani unapanda karibu mara nne, kwa hiyo ni kama mashine ya mazoezi inayojipima yenyewe kwa nguvu ya mtoto, hawezi kuangukiwa na uzito. Nimewahi kuwa na kijana mdogo wa miaka 8 ambaye siku ya kwanza aliingia kashika ukingo kwa mikono yote miwili, vidole vimekuwa vyeupe kwa kukaza, nikamwambia tembea tu pembeni mpaka kwenye ngazi na urudi. Alienda akarudi mara tatu, ya nne akaachia mkono mmoja. Hatukufanya kingine siku hiyo, na kwangu ilikuwa siku nzuri sana.

Lakini hapa kuna jambo watu wengi hawalijui na ni muhimu kwa mtoto wako kuliko kwa mtoto mwingine yeyote. Mfupa unakuwa imara kwa kubebeshwa uzito. Kutembea, kuruka kamba, kukimbia, hivyo ndivyo vinavyouambia mfupa jijenge. Kuogelea kunajenga misuli, mapafu, moyo, kunalegeza viungo vilivyokaza, ila kwa mfupa wenyewe mchango wake ni mdogo, kwa sababu ile ile inayofanya maji yawe mazuri, yamekubebea uzito. Na mfupa hauna cha kujijengea kama hakuna kalsiamu na vitamini D. Kwa hiyo mtoto mwenye mifupa laini ukimtia baharini kila siku na nyumbani anakula ugali na chai ya rangi, utapata mtoto anayejua kuogelea mwenye matege.

Na usiniambie sisi tuna jua la kutosha kwa hiyo hatuwezi kuwa na tatizo hilo. Watafiti waliofuatilia watoto wa Nigeria wenye matege waligundua wengi wao tatizo halikuwa jua, ilikuwa kalsiamu kidogo mno kwenye chakula. Sisi wa Tanga hatuna sababu ya kukosa, dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao, maziwa, mtindi, mboga za majani. Kwa jua, mwache acheze nje uso na mikono viwe wazi mida ya saa tatu saa nne asubuhi, lile la saa kumi na mbili alfajiri ambalo watu wanawatoa watoto ni zuri kwa hewa ila miale yenye kutengeneza vitamini D bado hafifu. Kitu kimoja nakuomba sana, usinunue sindano au matone ya vitamini D duka la dawa kwa kubahatisha, ikizidi inapandisha kalsiamu kwenye damu na kuumiza figo. Apimwe kwanza.

Umeuliza kama yeye ndiye mwanzilishi wa mchezo. Hapa ngoja nikae kidogo maana ni sehemu ninayoipenda na pia binti yako ataiuliza.

Familia ilihamia Melbourne, na hali ya pesa haikuwa nzuri. Annette akiwa bado msichana wa shule akaanza kujionyesha kwa kulipwa, akiogelea ndani ya tangi la vioo la ukumbi wa samaki pale Melbourne, samaki wakiwa humo humo, mara mbili kwa siku. Mwaka 1905 yeye na baba yake wakapanda meli kwenda Uingereza kutafuta maisha. Kufika London hakuna anayewajua, kwa hiyo akaingia mto Thames, ambao wakati ule ulikuwa mchafu kwelikweli, akaogelea toka Putney mpaka Blackwall, yaani kaukatisha mji mzima, na magazeti yakamwona. Gazeti moja likamlipa aogelee pwani na kujaribu kuvuka ule mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Alijaribu mara tatu, hakufika. Wanaume waliojaribu waliruhusiwa kuingia bila nguo, yeye akalazimika kuvaa, nguo ikamchubua makwapa. Mwenyewe alikiri kwamba stamina alikuwa nayo ila nguvu za mwili zile hakuwa nazo. Mwanamke wa kwanza kuvuka alikuja kuwa Gertrude Ederle wa Marekani mwaka 1926. Huyu Annette angeishia hapo tungemkumbuka kama muogeleaji mmoja wa masafa marefu na basi.

Ila kumbuka ile nyumba ya muziki. Alichokifanya alipofika Marekani kuanzia 1907 ni kuchukua kuogelea na kukuweka jukwaani, anapiga mbizi, anageuka chini ya maji, anaelea, mwili umenyooka kama wa mcheza ngoma, na watu wamekata tiketi wanatazama kupitia kioo. Vitabu vingi vya historia ya mchezo huu vinaanzia kwenye maonyesho yake ya New York Hippodrome, na mwaka unaotajwa zaidi ni 1907. Akaingia sinema, Neptune's Daughter ya 1914 ilipigwa Bermuda, na wakati wa kupiga hiyo tangi la vioo lilipasuka wakiwa ndani, yeye na mwongozaji wakaumia. Miaka miwili baadaye ikaja A Daughter of the Gods iliyopigwa Jamaica, moja ya sinema za kwanza kutajwa kugharimu dola milioni moja. Mikia ya nguva aliyoivaa alikuwa anaibuni mwenyewe, maana alitaka mkia ambao mtu anaweza kuogelea nao kweli, sio wa kukaa nao juu ya jiwe upigwe picha. Na mirukio ya juu kabisa alifanya mwenyewe. Kwa mtu aliyeanza na vyuma miguuni hilo linanigusa kila nikilifikiria.

Sasa je, huo ndio mchezo tunaouona Olimpiki? Bado. Annette aliionyesha dunia kwamba kuogelea kunaweza kuwa sanaa, alikuwa msanii wa jukwaa. Aliyetengeneza mchezo wenyewe, wenye kikundi, hesabu na waamuzi, ni mwalimu Mmarekani Katherine Curtis. Mwaka 1923 alianzisha klabu ya wanafunzi pale Chuo Kikuu cha Chicago, akawa anawafanya waogeleaji wafuate pigo la muziki na wakati huo huo wafuatane wao kwa wao, ambacho ni kitu kigumu mara mbili. Kwenye maonyesho makubwa ya Chicago ya 1933 na 1934 wasichana wake waliogelea mbele ya umati, na mtangazaji Norman Ross, mwenyewe alikuwa bingwa wa Olimpiki wa 1920, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuuita mchezo huo kuogelea kwa mpangilio. Mashindano ya kwanza ya vyuo yakafanyika Chicago Mei 1939. Olimpiki ukaingia rasmi Los Angeles 1984. Jina likabadilishwa 2017 ukaitwa kuogelea kisanii, na Paris 2024 ndipo wanaume waliruhusiwa kwa mara ya kwanza, ingawa hakuna timu iliyompanga mwanaume. Kwa hiyo ukimjibu binti yako mwambie hivi, Annette alifungua mlango, mama Curtis akajenga nyumba. Wote wawili wanastahili.

Tuje kwenye nguo, na hapa nazungumza na baba mtoto kwa heshima kabisa, kwa sababu nadhani video imempotosha. Ile habari ya kukamatwa na polisi ufukwe wa Revere karibu na Boston ni habari maarufu sana, ila watafiti waliopekua magazeti ya wakati ule hawajaikuta, yeye mwenyewe ndiye aliyekuja kuisimulia miaka mingi baadaye. Inawezekana kuna kitu kilitokea, mi siwezi kuweka mkono wangu juu yake. Lenye uhakika zaidi ni lingine na ni zuri zaidi. Akiwa London alialikwa aonyeshe kuogelea mbele ya watu wa familia ya kifalme, kwenye klabu moja kubwa. Akaambiwa vazi lake la mashindano halifai, miguu inaonekana. Wanawake enzi hizo walikuwa wanaingia majini na magauni mazito, sketi, soksi, wengine mpaka viatu, nguo ikilowa maji mtu anazama nayo. Akaenda dukani akanunua soksi ndefu nyeusi, akakaa na sindano na uzi akazishonea kwenye lile vazi lake, sasa likawa kitu kimoja toka juu mpaka vidole vya miguu. Akaonyesha, na hakuna aliyelalamika. Ile ndiyo nguo iliyokuja kubeba jina lake. Umeona? Msichana kaambiwa jifunike, kajifunika, na bado kaogelea vizuri kuliko wote. Alichokuwa anapigania ni nguo ambayo haimzamishi mtu, kujifunika hakukuwa ugomvi wake.

Kwa hiyo ndugu yangu baba mtoto, hakuna anayekuambia umvulishe binti yako. Kule Nungwi, kaskazini ya Unguja, kuna mradi unaitwa Panje umefundisha wasichana wa Kiislamu kuogelea na kujiokoa wakiwa na mavazi yanayofunika mwili mzima na kichwa, na walimu wanawake. Tena sisi watu wa pwani tunaoishi na mashua na maboti, mtoto wa kike kutojua kuogelea ni hatari ambayo mi naiogopa kuliko nguo. Cha kuzingatia ni kitambaa, kiwe kile laini cha kuogelea kinachobana kidogo na kukauka haraka. Baibui, kanga, dera, pamba nzito, hivyo haviingii majini na mtoto, vinamfunga miguu na kumvuta chini. Muda unaweza kupangwa, mwalimu mwanamke anaweza kutafutwa, hayo ni mambo ya kuzungumza.

Swali la mwisho, anauweza? Kuogelea kwa kawaida, ndiyo, bila wasiwasi, na pengine kutamfaa sana. Kuogelea kisanii ndio nataka twende taratibu, na nakueleza kwa nini. Ukiwatazama wale wasichana nusu mwili uko juu ya maji na wanatabasamu, huwezi kujua chini kunaendelea nini. Hawakanyagi chini, sheria hairuhusu. Kinachowashikilia ni miguu inayokoroga maji, mguu huu unazunguka kwa ndani na ule unazunguka kinyume chake, kwa kupokezana bila kupumzika, magoti yamefunguka kama mtu aliyekaa kwenye kiti. Na wakigeuka kichwa chini miguu juu, wanashikiliwa na viganja vinavyopepea maji kushoto kulia. Ule ukorogaji wa miguu unakamua upande wa ndani wa goti, hata waogeleaji wenye miguu iliyonyooka wanalalamikia hapo hapo. Mtoto mwenye matege goti lake tayari halibebi mzigo sawasawa, upande wa ndani ndio unaoelemewa. Kwa hiyo mpaka daktari wa mifupa aseme, asifundishwe kukoroga huko na asipige teke la chura. Aanze na kuelea chali, kutembea maji ya kifuani, teke la kawaida la juu chini miguu ikiwa imenyooka, na kupepea viganja akiwa amelala chali. Hicho cha mwisho ni hatua halisi ya mchezo anaoutaka, wanaanza nacho hata mabingwa, na hakimgusi goti hata kidogo. Mwambie hivyo, atafurahi.

Kuna hatari moja lazima niiseme kwa sababu watoto wakiona video wanaiga, nayo ni kubana pumzi. Mtoto anaweza kudhani akivuta pumzi haraka haraka nyingi kabla ya kuzama atakaa chini muda mrefu. Kinachotokea ni kwamba anaipunguza ile hewa chafu ya kaboni dayoksaidi mwilini, na hiyo ndiyo inayompa mtu hamu ya kupumua. Sasa hamu haiji, huku oksijeni inaisha kimya kimya, anazimia ndani ya maji bila kupiga kelele wala kutapatapa. Juni 2022 kwenye mashindano ya dunia Budapest, Anita Alvarez wa Marekani alizimia alipomaliza kuonyesha na akazama, kocha wake Andrea Fuentes ndiye aliyejitosa na nguo zake akamtoa. Huyo ni mtu wa kiwango cha Olimpiki na kuna watu wanamtazama. Kwa mtoto wako kanuni iwe hakuna mashindano ya kubana pumzi, iwe bwawani au baharini, na mtu mzima anayejua kuogelea awe ndani ya maji naye, umbali wa kumfikia kwa mkono. Kukaa ufukweni na simu hapana.

Na bahari yenyewe, Tanga kuna sehemu tulivu ila msiende maji yanapokupwa kwa kasi, maana mkondo wa kutoka una nguvu na mtoto anayejifunza hawezi kushindana nao. Kama mnaweza kupata bwawa la hoteli au shule asubuhi lisipokuwa na watu, kwa mwezi wa kwanza ni bora zaidi, sakafu ni sawa na kina kinajulikana.

Hospitali sasa. Mtoto akiwa chini ya miaka 2 matege mara nyingi ni ya kawaida, mfupa unajinyoosha wenyewe akielekea miaka 3 au 4, ndiyo maana mliambiwa subirini na waliowaambia wakati huo hawakukosea. Ila muda huo umepita. Dalili za kutosubiri ni hizi ulizoniandikia, umri wa miaka 7, yanazidi, yanauma, na ningekuomba uangalie na nyingine, kama mguu mmoja umepinda kuliko mwingine, kama ni mfupi kuliko wenzake wa rika lake, kama vifundo vya mikono vimevimba kwa upana, kama anachechemea. Kama mguu mmoja tu ndio unazidi basi usikae hata siku tatu. Kuna ugonjwa wa sehemu ya mfupa inayokua pale chini ya goti ambao chakula na jua haviutibu, na ukicheleweshwa unahitaji operesheni kubwa zaidi.

Nenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa pale Tanga, omba kuonana na daktari wa mifupa. Omba eksrei ya miguu yote miwili akiwa amesimama, sio amelala, maana akilala mpindo hauonekani sawasawa, na vipimo vya damu vya kalsiamu, fosfeti, alkaline fosfatezi na kama kinapatikana cha vitamini D. Mweleze daktari anakula nini na pia maji ya kunywa mnayotoa wapi na kama mliwahi kuishi upande wa Arusha au Meru, kwa sababu kule kuna visima vyenye floraidi nyingi na magadi ya kupikia pia yanayo, inaharibu meno na mifupa ya watoto na miguu ikapinda. Wakiona inahitajika watakupa rufaa ya Dar, taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili au hospitali ya CCBRT. Habari nzuri ninayoweza kukupa kwa ukweli ni kwamba kama ni upungufu wa kalsiamu na vitamini D, mtoto wa umri huu akipewa tiba sahihi mfupa una miaka mingi ya kukua na unaweza kujinyoosha sana. Na kama sio hiyo, kuna operesheni ndogo ya kuweka kibati pembeni ya goti kinachouelekeza mfupa unapokua, ambayo inawezekana tu wakati mtoto bado anakua. Njia zote mbili zinataka uwahi.

Vyuma kama vya Annette usivitafute mwenyewe kwa mafundi, hata kama mtu atakuambia alimwona mtoto wa jirani kanyooka navyo. Siku hizi vinatumika kwa sababu maalum na umri maalum, na daktari akikupa vaa, asipokupa acha.

Binti yako akitaka kujua mwisho wa huyo bibi, mwambie alirudi kwao Australia mwaka 1970, mwaka 1974 jina lake likaingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa waogeleaji wa dunia kule Fort Lauderdale, akafariki Novemba 1975 akiwa na miaka 89, na majivu yake yakatawanywa baharini kwenye matumbawe makubwa ya Australia.

Ukishapata eksrei na majibu ya damu niandikie tena, andika namba kama zilivyo kwenye karatasi, na uniambie daktari kasemaje kuhusu goti. Nitakupangia mazoezi ya majini ya wiki sita za kwanza kufuatana na hayo. Katikati hapa akitaka kwenda mpeleke, maji ya kifuani, atembee kwenda na kurudi huku umemshika mkono, dakika kumi na tano zinatosha.